Jiko Lililoko Porvenir

Saa nne kasorobo asubuhi, na dirishani bado ni usiku.
Hapa Punta Arenas, mwezi wa Juni,
jua ni mwanafunzi mchelewaji:
huingia kipindi cha pili kikianza,
huketi nyuma, halisemi neno,
na jioni haijafika limekwisha kwenda zake.

Nikauliza: kwa nini baridi?
Mikono ikapanda. Nikamchagua Nevenka Kusanovic,
aliyevaa koti la babu yake, mikono imekunjwa mara tatu.
"Kwa sababu sasa dunia imekwenda mbali na jua, mwalimu.
Mtu akiondoka jikoni, si husikia baridi?"

Na ubaya ni huu: hakubuni.
Mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali kweli,
mbali kuliko siku zote za mwaka;
na Januari, tunapovua sweta moja kati ya mbili,
iko karibu kweli.
Ukweli umesimama upande wa kosa, umelishika mkono,
nami, na chaki yangu,
ni wakili aliyegeukwa na shahidi wake mwenyewe.

"Una ndugu ng'ambo?"
"Bibi Jerka, dada ya babu. Yuko kisiwani Brač."
"Mpigie leo."
Kesho yake akaja amenuna:
Bibi Jerka amefungua madirisha yote,
anajipepea kwa gazeti, tini za kwanza zimeiva,
nyenje wanamnyima usingizi wa mchana.
Dunia ni moja. Umbali ni mmoja.
Umbali huo ulichaguaje nani wa kumtetemesha?

Darasa kimya, maji ya mtungini.
Nikazima taa. Nikamulika daftari kwa tochi, wima:
duara dogo, kali, kama sarafu mpya.
Nikaliinamisha: mwanga uleule ukatanuka, ukapauka,
kama supu ya watu wawili iliyoongezwa maji
wageni walipobisha hodi.
"Ahaa!" wakasema.
Ah, ile ahaa!
Usiku huo nililala kama mtu aliyelipa deni.

Mtihani ukaja. Swali la nne,
mwandiko wa Nevenka, safi, umelalia kulia:
"Ni baridi kwa sababu mhimili wa dunia umeinama,
kwa hiyo upande wetu umesogea mbali na jua."

Nilidhani nimeng'oa. Kumbe nimepogoa.
Kosa halikufa; lilikwenda kwa fundi
likashonewa suti
kwa kitambaa changu mwenyewe.

Kalamu nyekundu mkononi, nikajikumbuka
nikiwa na miaka tisa, kwetu Porvenir, ng'ambo ya mlango-bahari,
nikimwapia mama kwamba sifuri nukta arobaini na tano
inaishinda sifuri nukta tano.
Arobaini na tano, mama! Na ile ni tano tu!
Shuleni nilikatwa alama, sikuulizwa.
Basi kosa nikalificha, nalo likakaa,
mpangaji asiyelipa kodi,
miaka mitano.

Sikuweka alama. Pembeni niliandika:
"Limesogea kiasi gani? Piga hesabu, kisha njoo."

Alikuja Ijumaa, karatasi imejaa sifuri.
"Kilomita elfu chache, mwalimu.
Katika milioni mia moja na hamsini."
Akaitazama tena kana kwamba imemsengenya.
"Ni sawa na mimi nisimame hapa
niinamie jiko lililoko Porvenir,
nitegemee kupata joto."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Sasa ni nini?"

Si swali langu tena. Nililiona likihama,
likaingia ndani ya lile koti kubwa, likakaa.

Dirishani jua lilikuwa limefika, chini, pembeni,
limechoka kama kawaida yake.
Nevenka akafungua ukurasa mtupu,
akauelekeza kwenye mwanga,
akauinamisha, polepole,
akauinua, akauinamisha tena.

Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza.